"Mimi" Si Jina



Imepokewa katika Hadithi sahihi ya kuwa Sahaba Jabir bin Abdillah (R.A.) alikwenda nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) kwa ajili ya deni aliloliacha baba yake, akabisha mlango. Alipoulizwa ni nani, alijibu kwa neno moja tu, kuwa ni yeye. Mtume akalirudia neno lile la "mimi" kama mtu asiyependezwa nalo. Tunapowasomesha vijana wetu wa chuoni Hadithi hii, wengi wao hucheka, kwani huiona kuwa ni jambo dogo. Wao wenyewe kila siku hubisha hodi, wakiulizwa ni nani hujibu "mimi", na mlango hufunguliwa.

Lakini mwezi uliopita tulikwenda Kisarawe kuwazuru jamaa, na huko tukasikia khabari iliyotujulisha ya kuwa jambo lile si dogo hata kidogo.

Bibi mmoja wa upande wa Maneromango, ambaye hatumtaji kwa kumsitiri, alipigiwa simu karibu na Magharibi. Namba ilikuwa ngeni, na sauti ilikuwa ya kijana anayelia. "Mama, ni mimi." Bibi moyo ukamruka, akalitaja jina la mwanawe afanyaye kazi Kibaha, akauliza, "Ni wewe?" Yule akaitikia, "Ndiyo mama, ni mimi." Tazama, ndugu msomaji, ni bibi mwenyewe aliyempa mwizi jina alilolihitaji! Basi mwizi akaendelea kusema kuwa ameanguka na bodaboda, kuwa simu yake imevunjika na hii ni ya msamaria mwema, na kuwa hospitali inadai pesa kabla ya kumtibu. Bibi alikuwa na shilingi 180,000, pesa za korosho zake alizoziweka kwa kuezeka nyumba. Alikwenda kwa wakala akilia, akazituma zote. Asubuhi mwanawe akapiga simu kumjulia hali kama ilivyo desturi yake, mzima wa afya, wala hajui lolote.

Msomaji asidhani kuwa twamsimulia bibi yule ili tumcheke. Sisi tunaojiita walimu yalitufika makubwa kuliko hayo, na leo twaona haya kuyaficha wakati huenda yakamfaa mtu.

Wote twakumbuka ya kuwa tarehe 1 Mei 2019 nchi yetu ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole pamoja na kitambulisho cha Taifa. Mwisho wa kusajili ulikuwa tarehe 31 Desemba 2019, kisha ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Siku zile za mwisho watu walijaa kila mahali, jua kali, kila mmoja akikhofia laini yake kufungwa. Sisi nasi, kwa uzito wetu wa kuahirisha mambo, tulikuwa miongoni mwa wa mwisho. Tulimkuta kijana mmoja chini ya mwavuli hapa Kibaha, na mashine yake ndogo mkononi. Akaitaka namba yetu ya kitambulisho, tukamsomea kwa sauti mbele ya watu. Akatuambia tuweke kidole, tukaweka. Akasema mashine haikusoma, tuweke tena. Tukaweka tena. Akasema tena haikusoma. Tukaweka mara ya tatu, tukamshukuru, na tukampa cha maji. Tulirudi nyumbani tukiwa na laini moja. Hatukujua ya kuwa kidole chetu kilikuwa kimezaa laini mbili.

Miaka miwili ikapita. Siku moja akaja mzazi mmoja wa wanafunzi wetu, akakaa kitako barazani, wala hakunywa chai aliyopewa. Akasema, "Maalim, ile pesa ya mabati niliyokutumia, mbona paa la chuo lingali lile lile?" Tukamwambia hatukumtaka pesa ya mabati. Akatoa simu yake, akatuonyesha. Alipigiwa na mtu aliyejiita maalim wa chuo. Na alipotaka kutuma pesa, kabla ya kuthibitisha, yalitokea majina yetu matatu kamili, la kwetu, la baba na la babu. Angefanyaje asiamini? Alitazama jina kama tunavyowausia watu watazame, na jina lilikuwa letu. Hakuwa peke yake. Wazazi wanne wengine walikuwa wametuma, na wote walikuwa wamenyamaza kwa kutustahi, huku nyoyo zao zikisema nasi mambo ambayo ndimi hazikuthubutu kuyasema.

Wazee wetu walinena ya kuwa jina jema hung'ara gizani. Jina letu lilikuwa gizani kwa muda gani hatujui, na lililokuwa likionekana ndani yake halikuwa sisi.

Huu ndio wizi ambao twapenda wasomaji wetu waujue. Zamani mwizi alivunja ukuta wa udongo usiku akachukua baiskeli au kuku, na asubuhi mwenye nyumba aliliona tundu. Mwizi wa leo haingii nyumbani. Huliiba jina lako, akalivaa kama kanzu, akaenda nalo kwa watu wanaokupenda. Wewe huoni tundu lolote, mpaka siku ile ukidaiwa usichokopa au ukiulizwa usichokisema.

Wala tusidhani kuwa ni uovu uliozaliwa na simu. Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme wa nchi za mbali, aliambiwa kuwa hawazipokei barua zisizopigwa muhuri. Akafanya pete ya fedha iliyochorwa jina lake na Utume wake, kisha akakataza mtu mwingine yeyote asichore mchoro kama ule katika pete yake. Kwa nini? Kwa sababu muhuri wa watu wawili hauwi tena ushahidi wa mmoja. Pete ile ikarithiwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman (R.A.), na katika zama za Uthman ikatumbukia katika kisima cha Aris huko Madina. Waliitafuta muda wa siku tatu, na kisima wakakikausha, isionekane. Tupime wenyewe: Khalifa mwenye dola nzima alikitafuta siku tatu kipande cha fedha, nasi hupoteza kitambulisho tukasema, "Kitaonekana tu, Inshaallah," tukalala.

Na vitabu vya fiqhi vyaeleza kisa cha mtu aliyeitwa Maan bin Zaida, ambaye katika zama za Sayyidna Umar alighushi muhuri wa hazina, akamwendea mwenye kuitunza, akapewa mali ya umma kwa muhuri ule wa uongo. Umar alimwadhibu na akamtia kifungoni. Mtunza hazina hakuwa mwizi. Alidanganywa kwa alama aliyokuwa akiiamini. Basi hali yake ndiyo hali ya wale wazazi wetu watano.

Muhuri wa Mwislamu wa leo, na wa kila mwananchi, ni vitu vinne: namba ya kitambulisho cha Taifa, alama ya kidole, namba ya simu, na namba ya siri. Vinne hivi ni amana. Twapenda kueleza jinsi ya kuvilinda, kwa kadiri tulivyojifunza baada ya kuungua.

Kwanza, namba ya kitambulisho. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, basi anayeiona amekwisha kukujua nusu. Usiisome kwa sauti sokoni kama tulivyofanya sisi. Mwonyeshe mhusika kadi, aiandike mwenyewe. Ukitakiwa nakala ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu tarehe na shughuli unayoitolea, ili isifae kwa shughuli nyingine. Na nakala zilizoharibika uzichane au uzichome. Sisi tumewahi kununua karanga zilizofungwa katika karatasi yenye picha na namba ya mtu tusiyemjua. Mwenyewe yu wapi, na nani mwingine alikula karanga kabla yetu?

Pili, kidole. Sajili laini dukani kwa kampuni au kwa wakala anayejulikana, mwenye mahali pake. Ukiambiwa mashine haikusoma, uliza kwa adabu ni shughuli gani hasa anayoifanya, na utake kuona. Mwanamume hatii sahihi mara tatu kwa hati moja asiulize; kidole nacho ni sahihi.

Tatu, namba ya siri. Hii ni kama mswaki, haiazimwi. Twaona wazee wetu wakimtajia wakala namba ya siri ili awasaidie kutoa pesa, na wengine humwambia mjukuu. Enyi vijana, ukimpenda bibi yako mfundishe kubonyeza mwenyewe, hata ikikuchukua wiki nzima, wala usimbonyezee. Na ajuaye kutumia simu janja naye asijione amesalimika. Ukiletewa namba ya tarakimu sita, kisha akatokea mtu, hata akiwa na picha ya rafiki yako, akakuomba umtajie, jua kuwa anataka kuuhamisha mlango wako uwe wake. Ukimpa, ataingia WhatsApp yako, na kwa jina lako atawaomba pesa watu wote unaowajua.

Nne, na hili ndilo kubwa kwa kila nyumba: tufuate adabu ya mlangoni. Anayekuja kwa simu amebisha hodi. Akisema "mimi", usimtajie jina, bali mwache ajitaje. Akijitaja, bado si hoja. Sauti nayo siku hizi si hoja, kwani imepatikana mitambo iwezayo kuiga sauti ya mtu hata mama yake asiitambue. Kata simu, umpigie mwenyewe kwa namba yake unayoijua. Haipatikani? Mpigie jirani yake, au anayefanya naye kazi. Na kila nyumba iwe na swali lake ambalo jibu lake halimo katika simu ya mtu yeyote: mbuzi wetu wa zamani alikuwa na rangi gani, nani alikufundisha alifu, tulipika nini siku ile mvua ilipobomoa jiko? Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha kuihakikisha khabari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kisha tukajuta. Bibi yetu wa Maneromango angemwuliza yule kijana swali moja tu la nyumbani, leo nyumba yake ingekuwa na bati.

Mtu atasema, "Mwanangu yu hatarini, nami nakaa kuuliza maswali?" Twamjibu ya kuwa mwanao wa kweli atalijibu swali kwa pumzi moja. Ni mwizi tu ndiye anayekasirika akiulizwa. Haraka yake ndiyo silaha yake, kwani anajua ukipata nafasi ya kufikiri hatapata kitu.

Sasa, yakikufika ufanye nini? Yasikuzidi majuto ukakaa. Saa ya kwanza ni ya thamani kuliko wiki nzima inayofuata.

Ukiwa umetuma pesa, piga namba 100 ya kampuni ya simu yako hapo hapo, eleza, na uombe pesa izuiwe. Pengine haijatolewa. Ukiona simu yako imekosa mtandao ghafula wakati wa jirani upo, usidhani ni hitilafu tu; huenda laini yako imehamishiwa kadi nyingine. Iwahi kampuni yako, na benki yako kama una akiba huko. Kisha badili namba zako zote za siri.

Halafu bonyeza *106# na ufuate maelezo. Utaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni husika ukiwa na kitambulisho chako, uikane na ifungwe. Sisi tulipobonyeza siku ile tuliona namba mbili, yetu na ya mgeni. Tangu hapo twabonyeza kila mwezi unapoandama, na twawasihi wasomaji wetu wafanye vivyo hivyo. Haigharimu kitu ila kukumbuka. Na namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ili ifungwe isimdhuru mwingine.

Nenda na polisi, ufunguliwe taarifa na upewe namba yake. Wengi huona kuwa ni kazi bure kwa kuwa pesa hairudi. Si kwa ajili ya pesa tu. Ni ili jina lako likitumika kesho katika uovu mwingine, uwe na karatasi inayosema kuwa ulikwisha kulalamika tangu jana. Andika kila kitu: saa, namba, kiasi, na maneno uliyoambiwa, wala usifute ujumbe wowote, kwani ndio ushahidi wako. Na ujue kuwa sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imemharimisha mtu kujifanya mwingine kwa njia ya kompyuta. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imewafunga wale wanaokusanya khabari za watu wazitunze. Tume yake ilizinduliwa tarehe 3 Aprili 2024, nayo hupokea malalamiko ya mtu ambaye khabari zake zimetumiwa vibaya.

La mwisho ndilo zito: watangazie watu. Tulipokwisha kufunga ile laini tulimwomba imamu ruhusa, na baada ya sala ya Ijumaa tukasimama mbele ya majirani zetu, tukawaeleza yote, hata ule ujinga wa kidole mara tatu. Miguu ilitutetemeka kuliko siku tuliyosomesha darasa la kwanza. Lakini tulipokaa, waliinuka watu wawili, mmoja mzee wa kuheshimika, wakasema nao yaliwafika wakanyamaza kwa aibu. Aibu ya aliyeibiwa ndiyo nyumba anamoishi mwizi. Tukiivunja, hana pa kulala.

Hatutasema ya kuwa mambo yote yalitengemaa. Pesa za wale wazazi hazikupatikana. Tulitaka kuwarejeshea kidogo kidogo, wanne wakakataa wakisema hatukuwa na kosa. Wa tano alizipokea, na mwanawe akamhamisha chuo. Hatumlaumu. Kijana yule alikuwa amefika Suratu Yaasin, na nafasi yake katika mkeka twaiona kila asubuhi.

Neno moja kwa vijana wetu wanaotafuta riziki kwa kazi hii ya kusajili laini. Kazi yenu ni halali na ina faida kwa watu. Lakini kidole cha mtu ukikitumia kwa asilolijua, hata kama umelipwa elfu mbili tu na anayeitaka laini, umeuza jina la ukoo mzima, na hujui litatumika kwa nini. Nanyi mnaowaazima rafiki zenu vitambulisho, au kuuza laini zilizosajiliwa kwa majina yenu, mtajibu nini siku mkiulizwa na hakimu, na siku mkiulizwa na Aliye mbora wa mahakimu?

Tumerudi mlangoni tulipoanzia. Twawaomba wazazi jioni ya leo, kabla ya kula, wachague pamoja na watoto wao lile swali la nyumba, na wampigie bibi aliyeko shamba wamfundishe na yeye. Simu ikilia usiku na sauti ikasema "ni mimi", aulize kwa utulivu, "Wewe nani?" na asubiri jibu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie majina yetu na ya wazazi wetu. Wabillahi tawfiq.